Panzi Aliyekatazwa Kuruka

Chumba kile kilikuwa na milango miwili inayofuatana, na milango yenyewe ilikuwa kama mawifi walionuniana: mmoja akifunguka, mwenzake anajifunga. Uliingia wa kwanza, ukausubiri ukufungie nyuma, ukanawa mikono mpaka viwikoni, ukavaa gauni la karatasi na barakoa, ndipo wa pili ukakubali kukupokea. Ndani mlikuwa na kitanda, kiti cha kulalia mtu mzima aliyejikunja, dirisha lisilofunguka, na hewa safi iliyopulizwa kutoka darini kutwa kucha, fyuu, kama mtu anayepoza chai asiyoinywa.

Mwenye chumba alikuwa mtoto wa miaka mitano asiye na unywele hata mmoja, na wodi nzima ilimwita Bosi. Jina alipewa na manesi, maana hakuna aliyeingia mle asipangiwe kazi. "Wewe kaa pale. Wewe shika hii. Wewe leo pumzika, usinichome, utanichoma kesho."

Mwenye kiti alikuwa mama yake. Kazi yake huko nje ilikuwa kushona mapazia. Alishafunika madirisha ya watu wasio na idadi, na sasa alikuwa anaishi na dirisha tupu, kwa sababu pazia huficha vumbi, na vumbi mle ndani lilikuwa adui. Mara nyingine alijikuta akilipima kwa shubiri, upana kisha urefu, bila sababu yoyote, kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa kwao.

Bosi alizaliwa na selimundu. Chembe za damu za watu wengine ni za mviringo, hupita mishipani kama shanga kwenye uzi. Zake zilipinda kama mundu, zikanasa, zikarundikana, na zilikorundikana ndiko mfupa ulikolia. Nyumbani hakukimbia, hakuruka, hakuchezea maji baridi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye ngazi ya mlango na kumhesabia dada yake akiruka kamba.

Dada mtu alikuwa na miaka tisa na aliitwa Panzi, na aliyempa jina hilo hakukosea, maana yule mtoto hakupita mahali, aliparuka. Bosi alimhesabia kwa sauti ya mkuu wa gwaride, ila alikuwa na kasoro moja isiyosikia dawa: saba hakuitambua. "Tano, sita, nane." Ukimsahihisha, anakugeukia. "Nani anahesabu, mimi au wewe?"

Daktari aliyewapokea alikuwa mrefu, mwembamba, na alizungumza kama mtu anayeshuka ngazi gizani, neno moja, anapapasa, neno jingine. Manesi walimwita Daktari Taratibu na yeye alijua. Alimweleza mama kwamba ndani ya mifupa kuna uboho, na ndani ya uboho kuna seli shina, ndizo zinazozaa damu. Za Bosi zilikuwa zinazaa damu iliyopinda. Za Panzi zilipimwa zikaonekana zinapatana na mwili wa mdogo wake kama kitufe na tundu lake. Wangezichota nyongani mwa Panzi akiwa usingizini, wazipandikize kwa Bosi.

"Hilo limeshafanyika kwingi," daktari alisema. "Sisi tunachotafiti ni dawa za kusafisha uboho wa zamani kabla ya kupanda mpya. Za kawaida ni kali mno kwa watoto. Tunajaribu za nguvu ndogo."

"Zitatosha?"

"Sijui." Akapapasa ngazi nyingine. "Ningekuwa najua, ningekuwa natibu tu, nisingekuwa natafiti."

Mama alimpenda kwa jibu hilo. Watu wengi walikuwa wamemwambia "itakuwa sawa" wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango.

Baba wa watoto hakuwepo wa kuulizwa. Alikwenda mbali kutafuta kazi, simu yake ikaanza kupokelewa na sauti ya mwanamke, kisha ikaacha kupokelewa kabisa. Upande ule wa ukoo alibaki dada yake tu, wifi mtu, mwuza mitumba mwenye ulimi usiojua siku ya mapumziko. Ndiye aliyemchukua Panzi siku mama alipoingia na Bosi nyuma ya milango miwili.

Mbegu, ndivyo wodini walivyoziita zile seli, zikachotwa, zikapandikizwa. Hakukuwa na shamrashamra. Mfuko mdogo mwekundu ulining'inizwa, ukatiririka kupitia mrija uliokuwa kifuani mwa Bosi, na Bosi akauliza kama ni juisi. Baada ya hapo ikawa kungoja. Chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, zilishuka hadi hakuna, kama ilivyotarajiwa, na kila asubuhi damu ilichukuliwa kuona kama zimechipuka mpya. Mama alijifunza kuyasoma majibu kwenye mabega ya sista kabla hajafungua mdomo. Mabega yakishuka, bado. Yalishuka leo, yakashuka kesho, yakashuka tena. Mdomo wa Bosi ulijaa vidonda, akapunguza kuamrisha, na ukimya wake ulimtisha mama kuliko homa.

Alasiri nyingine wifi alimleta Panzi uani, wakasimama chini ya dirisha, ghorofa ya tatu. Mama alimnyanyua Bosi, wakapunga mikono. Zamani Panzi angepunga kwa mwili mzima, miguu ikiwa hewani. Siku hizi alisimama wima kama nguzo, akainua mkono mmoja, akaushusha. Amekua, mama alijiambia. Kuna kimya cha adabu na kuna kimya cha jambo jingine, na ukiwa ghorofa ya tatu vyote viwili hufanana.

*

Asubuhi moja mama alitoka kwenda kuoga kwenye bafu la wazazi mwisho wa korido. Akiwa na sabuni usoni alimeza mate, na mate yakapita kwa kukwaruza. Akameza tena. Kama unyoya.

Alisimama pale maji yakimwagika. Kwenye mlango wa kwanza kulikuwa na desturi: kila aingiaye, awe mzazi, awe mfagiaji, awe profesa, sista alimwuliza maneno matatu. Koo? Pua? Tumbo? Na mama kila siku alijibu bila hata kumtazama, salama, salama, salama, kama mtu anayeitikia hodi. Neno moja zaidi la namna hiyo, na angerudi kwenye kiti chake, kwenye mkono mdogo wenye joto. Akisema jingine, hajui atarudi lini, na ndani ameacha mtoto aliyeahidiwa, "Mama anaoga tu, anarudi."

Akajifuta, akavaa, akatembea korido yote akimeza mate, kila mara akitumaini unyoya umeondoka.

"Koo?" sista akauliza.

Mama akameza mate.

"Mama Bosi. Koo?"

"Linawasha. Kidogo tu."

Sista, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwenye uzi, akaacha alichokuwa anafanya. "Tangu lini?"

"Sasa hivi, bafuni. Labda ni sabuni."

"Labda ni sabuni," sista akakubali, huku ameshauziba mlango kwa mwili wake. "Na labda siyo."

"Niingie nimuage tu. Nitasimama mbali."

"Mama. Yule leo hana askari hata mmoja. Chafya yako kwake ni risasi."

Kwenye mlango wa pili kulikuwa na kioo kidogo cha duara. Kutoka pale alipokuwa mama aliona kipande cha kichwa kisicho na nywele, kimeelekea ukutani, kinamsubiri.

"Nani atakaa naye?" akauliza.

"Huna mtu?"

Mama akafikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Ukweli ni mwepesi kuusema, uzito wake uko kwenye kuubeba. "Nina wifi," akasema.

Wifi alikuja akiwa ameziba pua na mdomo kwa mtandio tangu getini. Akapimwa, akaulizwa koo, pua, tumbo, akajibu kwamba kwa miaka yote aliyouza mitumba, vumbi lingekuwa la kuua angekuwa keshazikwa mara tatu. Walikutana yeye na mama kwenye ngazi za nje, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Wifi, kaa hukohuko. Mafua yako nayasikia hata hujayapata."

"Uji hapendi ukiwa moto. Na akinyamaza sana usimwache, muulize amri ya leo ni ipi."

"Nimelea wanaume watatu, huyu mdogo hanitishi."

"Na kaka yako ni mmoja wa hao watatu?"

Wifi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepatikana. "Huyo nilimlea vizuri, akaharibikia kwako. Haya, nenda. Nenda kamwone mwanao mwingine. Yule mtoto siku hizi ana adabu mpaka inatia wasiwasi. Nikimwambia kaa, anakaa mpaka nasahau kwamba yupo."

Sista alimfuata mama ngazini na neno la mwisho. Hata nyumbani asimsogelee mno Panzi. "Yule ni ghala letu. Mbegu zisiposhika vizuri, tutarudi kwake. Tunamtaka mzima."

Kwa hiyo mama aliondoka pale akiwa amekatazwa watoto wote wawili.

*

Chumba chao kilikuwa kimoja, chenye cherehani chini ya dirisha na marobota ya vitambaa vya watu ukutani. Panzi alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati, magoti yamebanana, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usije. Nina mafua, au nina sabuni, bado hatujajua."

Ilikuwa mzaha, lakini Panzi alitikisa kichwa tu, taratibu, kama mwenye chungu kichwani. Mama akaweka kiti chake mwisho wa chumba, karibu na mlango. Wakatazamana.

Haikuwa sabuni. Kesho yake pua ilifunguka kama bomba lililokosa koki, kifua kikaanza kuita, na mama akafurahi kwa furaha mbaya ya mtu aliyeonekana hakukosea. Alipiga simu wodini. Bosi alikataa kuongea naye. "Anasema ulisema unaoga," wifi alieleza. "Anasema umekuwa mchafu kiasi gani mpaka sasa hujamaliza." Nyuma mama aliisikia ile hewa, fyuu, akagundua kwamba huku nyumbani kimya kinamwumiza masikio.

Kwa kukosa la kufanya, akaanza kumwangalia yule mwanawe mwingine.

Panzi alikuwa anashuka ngazi ya mlango mguu mmoja mmoja, akipapasa ukuta. Akilala, alilala chali na kuamka chali. Watoto wa jirani walikuja wakaita, "Panzi, njoo, tumepungukiwa mmoja," naye akajibu kwa sauti ya mtu mzima, "Siwezi," na wao wakaondoka upesi, kama watoto waliozoea jibu hilo. Kamba yake ilikuwa imening'inia kwenye msumari, imefungwa fundo, na juu ya fundo kulikuwa na vumbi.

"Nyonga inauma?" mama akauliza.

"Haiumi."

"Nioneshe."

Panzi akageuka, akapandisha blauzi. Palipochomwa sindano palibaki vidoa viwili tu, vilivyokaribia rangi ya ngozi yake.

Ndipo gurudumu la uzi likaanguka kutoka kwenye cherehani, likabiringika sakafuni hadi miguuni mwa mtoto. Panzi wa zamani angelidaka kabla halijatua. Huyu alilitazama likipita, akainuka kwa awamu, akalifuata kwa hatua za bibi harusi, akainama kwa magoti mgongo ukiwa umenyooka, akaliokota. 

"Panzi. Nani kakufundisha kutembea hivyo?"

"Hakuna."

"Mbona huruki?"

Mtoto akaliweka gurudumu mahali pake kwanza. "Daktari alikataza."

"Daktari gani?"

"Taratibu. Siku ile nilipoamka, nina bandeji. Aliniambia, usiruke, usikimbie, mpaka nikuambie." Akaketi tena, magoti yakabanana. "Hajaniambia."

 Mama aliikumbuka siku ile. Daktari alikuwa ameinama juu ya kitanda cha Panzi, akimpigapiga mkononi, na maneno yale yalikuwa ya kidonda tu, ya kudumu mpaka kidonda kifunge. Halafu ule mfuko mwekundu ukatoka mle chumbani, na kila mtu akaufuata. Daktari aliufuata, manesi waliufuata, na mama mwenyewe aliufuata bila kugeuka nyuma, mpaka ndani ya milango miwili. Aliyeutoa akabaki na amri yake.

"Mwanangu, ilikuwa kwa ajili ya kidonda. Kidonda kimepona."

"Siyo kidonda. Ni mbegu."

"Mbegu zipi?"

"Zangu. Alizonazo Bosi. Si bado ni zangu?" Alisema kwa subira, kama anayemfafanulia mtu mgumu kuelewa. "Nikiruka zinatikisika. Na bado hazijashika. Ulipopanda maua kwenye kopo ulinikataza hata kulisogeza kopo. Ulisema mbegu ukiitikisa haishiki."

Mama alishika kiti kwa mikono miwili, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshaamua kuvuka chumba, na katikati palikuwa na mafua.

"Umekaa hivi siku zote hizi?"

"Shuleni nilisema naumwa mguu."

"Na shangazi hakukuuliza?"

"Shangazi alifurahi."

Mama akaeleza. Alieleza alivyoweza, kwamba damu ikitoka kwa mtu haibaki imefungwa uzi, kwamba Bosi yuko huko na yeye yuko hapa. Panzi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ileile ya kutisha.

"Lakini wewe si daktari," akasema.

Simu ikalia. Alikuwa wifi, na hakutukana mtu.

"Wifi, kaa chini."

"Nimekaa."

"Zimeonekana."

"Nini?"

"Chembe nyeupe. Chache, anasema daktari, za kuokoteza. Anasema nisishangilie, atapima zaidi ajue ni za Panzi au ni zile za Bosi za zamani, lakini mimi nimemtazama macho na macho yanashangilia." Akaongeza, "Mabega ya huyu sista wako leo yako masikioni."

Mama aliweka mkono mdomoni, akalia bila sauti, barakoa ikalowa juu na chini. Alipoinua uso Panzi alikuwa anamwangalia. Alikuwa amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza tangu mama arudi, uso wake ulikuwa umechanua.

"Unaona?" akasema. "Kwa sababu nilitulia."

Akanyoosha mgongo zaidi, akashusha pumzi ndogo, ya juujuu, ya mtu anayeogopa hata kifua chake kisicheze. "Sasa ndiyo nisisogee kabisa."

*

Mama alipiga simu wodini kumtafuta daktari.

"Kuna tatizo kwa Bosi?" sista akauliza.

"Hapana. Kwa aliyetoa."

"Ana homa?"

"Hana."

"Maumivu? Kidonda kinatoa maji?"

"Hapana. Haruki."

"Haruki nini?"

Hayo matatu, homa, maumivu, kidonda, ndiyo waliyomwuliza Panzi kila alipofika kliniki, kwa ajili ya utafiti, na mara zote alijibu hapana, kwa sababu ilikuwa hapana. Mama akasimulia yote. 

"Mlete uani alasiri," sista akasema. "Namtafuta mimi mwenyewe."

Uani palikuwa na saruji, benchi moja, na uzio wa chuma. Mama alisimama kwenye uzio, mbali, barakoa usoni na simu mkononi. Panzi aliketi kwenye benchi. Kamba ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki pembeni yake. Aliibeba kwa sababu mama alimwomba, lakini alikuwa ameilaza kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Daktari Taratibu alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na koti lake jeupe, akachuchumaa mbele ya benchi, magoti yakalia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Panzi. Nimeambiwa kuna neno nilikuahidi."

"Ulisema mpaka uniambie."

"Nilisema." Akapapasa kwenye ngazi yake ya maneno. "Nikasahau. Kila mlipokuja hapa niliwaona kutoka dirishani. Nilikupungia mkono. Ningeshuka, ningekuambia. Sikukumbuka kwamba kuna mtu ananisubiri."

"Kwa hiyo ninaweza?"

"Ungeweza tangu zamani. Zile mbegu ulizonipa zimeshakwenda. Ukiruka, hazijui. Ukianguka, hazijui. Na wewe mifupa yako imeshatengeneza nyingine."

Panzi akauliza, "Hazinijui kabisa?"

Ilikuwa sauti ya mtu aliyepeleka salamu siku nyingi, akaambiwa nyumba ile haina watu. Mama akaisikia kutoka kwenye uzio. Daktari naye akaisikia, maana alichelewa kujibu hata kwa kipimo chake.

"Hapana," akasema. "Hazikujui."

"Na zikishindwa?"

"Zinaweza kushindwa. Sitakudanganya. Bado ni chache. Zikishindwa nitatafuta kwa nini, ndiyo kazi yangu, na nitakachokikuta hakitakuwa kamba."

Panzi hakuinuka. Mikono ilibaki magotini. Mama aliona kwamba ameelewa, na kwamba kuelewa hakukutosha. Siku zote hizi alikuwa amekaa ameshikilia kitu kizito kwa ajili ya mtu, na sasa watu wazima wanamwambia akiachie, na kwamba hakikuwahi kuwepo.

Simu ikatetemeka mkononi mwa mama. Akaipokea akijua ni wifi.

"Wifi, mnafanya kikao gani huko chini? Huyu bwana mkubwa kasimama kitandani, kakamata dirisha kama mwizi."

"Mama?" Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, ya mdomo wenye vidonda, na mama hakuwa ameisikia tangu siku ya bafu. Akafumba macho. "Mama, huyo kwenye benchi ni Panzi?"

"Ni yeye, Bosi wangu. Unajisik..."

"Mbona amekaa? Weka sauti kubwa. Panzi! Mbona umekaa kama mzee? Ruka. Mimi nahesabu."

Mama akainua simu juu kadiri mkono ulivyofika. Panzi alikuwa ameshasimama, uso umeelekea ghorofa ya tatu, ambako kulikuwa na kitone cha kichwa nyuma ya kioo na gauni la karatasi la shangazi nyuma ya kichwa.

"Bosi," aliita, "unajisikiaje?"

"Nimechoka kumwangalia shangazi."

"Na mimi nimekuchoka," shangazi akasema kwa nyuma.

Panzi akaitoa kamba mfukoni. Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno. Akasimama, akaitupa nyuma ya visigino, akabaki hivyo muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Daktari alikuwa bado amechuchumaa, hakuthubutu kuinuka.

Akaruka mara moja.

Kamba ikapiga saruji, ta, na Panzi akaganda, macho dirishani. Wote wakaganda naye.

"Moja," ikasema simu.

"Hujasikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Ndani."

Bosi akajichunguza kwa haki. "Nimesikia shangazi anakoroma. Jana. Haya, mbili, ruka, usinicheleweshee kazi."

Akaruka ya pili. Akangoja. Ya tatu, akangoja kidogo. Halafu miguu ikakumbuka kilichokuwa chake, kamba ikaanza kuimba, na vumbi lililokuwa kwenye fundo likapeperuka. Alikuwa analia huku anaruka, kamasi na machozi pamoja, na hakuacha kuruka ili ajifute.

"Nne," ikasema simu. "Tano. Sita. Nane."

Daktari akageuza kichwa, akafungua mdomo. Mama akamfanyia ishara kwa kidole kutoka kwenye uzio, hapana, aache hivyo hivyo.

Bosi hakuuliza mama anarudi lini. Alikuwa kazini. Mama alisubiri aulizwe, kisha akaacha kusubiri, na ndani yake furaha na uchungu wa kutoulizwa vikakaa kwenye benchi moja, bila kusogeleana. Alipunga mkono ule uliokuwa mtupu. Kile kitone hakikumwona, kilikuwa kinafuata kamba. Basi akainua kidole gumba na cha shahada mbele ya jicho moja, akalipima lile dirisha. Kutoka pale lilikuwa na upana wa ukucha.

Chafya ikamjia, akaigeuzia kwenye uzio, mbali na wote. Mkono wenye simu ukaanza kumwuma begani. Hakuushusha.